TUSIITIBU SARATANI TUKAUSAHAU MOYO

Njia ipandayo kutoka mjini Machakos kuelekea vilima vya Iveti si ngeni kwa miguu yetu sisi tuliozaliwa huku. Tuliipanda tukiwa watoto, tukaipanda tukiwa vijana tulipokuwa tukirudi kutoka shuleni, na baadhi yetu tungali tunaipanda ijapokuwa mvi zimekwisha kutukuta. Kwa hiyo nilipomwona mwalimu mwenzangu, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye siku zote alikuwa akiniacha nyuma, akisimama mara ya tatu kabla hatujafika nusu ya mwinuko, ameshika kiuno na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini, nilitambua kwamba hapakuwa na masihara. "Tangulia tu, Mwalimu," aliniambia, "nitakukuta." Tulikuwa tukienda kumzika mzee mmoja wa kijiji. Alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa.

Hayo yalitukia mwaka 2024. Miaka miwili kabla ya hapo, mwalimu huyu alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya titi la kushoto. Alifanyiwa upasuaji, akatiwa dawa kwa dripu, akapelekwa Nairobi kuchomwa kwa mionzi, kisha akaambiwa kwamba uvimbe wake ulikuwa wa aina inayohitaji dawa nyingine ya ghali, ambayo alitakiwa kuipata kila baada ya wiki tatu kwa muda wa mwaka mzima. Shamba la babake lilipungua ekari moja, na ng'ombe wawili wa maziwa wakaenda sokoni. Sote tulichanga. Hatimaye daktari alimwambia maneno ambayo kila mgonjwa wa saratani huyaota usiku na mchana: hatuoni tena dalili ya ugonjwa. Kanisani tulimwimbia.

Basi alipoanza kuhema, nani angeliyahusisha mahemo hayo na ugonjwa uliokwisha kwenda zake? Katika zahanati moja aliambiwa ni vumbi la kiangazi, akapewa dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Mahali pengine aliambiwa apunguze mawazo. Naomba nisimame hapa kidogo, kwani neno hili lina mizizi katika lugha zetu. Kwa Kiswahili tunasema moyo, kwa Kikamba ngoo, na katika lugha zote mbili kiungo hicho ndicho makao ya huzuni, hamu na wasiwasi. Mwanamke akisema moyo unamsumbua, tunasikia habari za ndoa yake au za karo ya watoto. Hatusikii habari za msuli unaosukuma damu. Mwenzangu alikuwa akisema jambo la misuli, nasi tukamjibu kwa mambo ya nafsi.

Ilichukua miezi minane kabla ya muuguzi mmoja mzee kuitazama miguu yake iliyovimba, kuibonyeza kwa kidole gumba na kumwuliza: "Mama, ulitibiwa saratani kwa dawa ile nyekundu?" Kipimo cha eko, yaani kile cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kwamba chumba cha kushoto cha moyo wake kilikuwa kikisukuma nje asilimia 35 tu ya damu inayokijaza kwa kila pigo. Moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu. Daktari alipomwomba karatasi ya kipimo cha eko alichofanyiwa kabla ya kuanza matibabu, ili alinganishe, mwalimu hakuwa nayo. Hakuwahi kupimwa.

Sipendi kumlaumu mtu, na hospitali alikotibiwa sitaitaja, kwa sababu yaliyompata yangeweza kumpata mgonjwa katika hospitali nyingi za nchi hii, na hata katika nchi zilizotutangulia kwa mbali. Ninachotaka ni kulieleza jambo lenyewe, maana nimegundua kwamba walimu wenzangu wengi, wakiwemo wale wa sayansi, hawalijui. Mimi mwenyewe nilifundisha Baiolojia kwa zaidi ya miaka ishirini, nikachora moyo ubaoni kila mwaka kwa chaki nyekundu na ya buluu, wala sikulijua.

Wahenga walituambia kwamba dawa ya moto ni moto. Tiba ya saratani imejengwa juu ya msingi huo. Seli za saratani ni seli za mwili wenyewe zilizoasi, na kila silaha inayoweza kuziua inaweza pia kuwadhuru majirani zao watiifu. Sote tunajua madhara yanayoonekana kwa macho: nywele kunyonyoka, kutapika, vidonda vya mdomoni, kupungukiwa na damu. Hayo huja upesi, na kwa wengi huondoka. Madhara ya moyo na mishipa ya damu yana tabia nyingine. Yanaweza kujificha kwa miezi, miaka, hata miongo miwili, na yanapojitokeza mgonjwa amekwisha kurudi kazini na faili lake limekwisha kupelekwa stoo.

Dawa ile nyekundu aliyoitaja muuguzi inaitwa doksorubisini, na wengi huijua kwa jina la biashara la Adriamycin. Kizazi chake kinaanzia katika udongo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Italia walichukua udongo karibu na ngome ya kale ya Castel del Monte, kusini mwa nchi hiyo, wakakuta ndani yake kijidudu kinachotoa rangi nyekundu ing'aayo. Kutokana nacho walipata dawa iliyopigana na saratani ya damu, na baadaye wakapata ndugu yake, doksorubisini, waliyoipa jina kwa heshima ya bahari ya Adriatic. Ni dawa kubwa. Imewaokoa wanawake wenye saratani ya titi, watoto wenye saratani ya damu na ya tezi, na hapa kwetu Afrika Mashariki imetumika sana kwa saratani ya Kaposi tangu janga la Ukimwi lilipotuangukia. Mtu yeyote asisome makala haya akadhani ninaikashifu.

Lakini mapema sana madaktari waliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliopona walirudi wakiwa na moyo uliochoka. Mwaka 1979 Daniel Von Hoff na wenzake wa Marekani walichapisha hesabu ya wagonjwa zaidi ya 4,000. Jumla ya walioshindwa na moyo ilikuwa kama 2 kwa kila 100, jambo ambalo laweza kuonekana dogo. Walipopanga hesabu hiyo kwa kufuata kiasi cha dawa kilichokusanyika mwilini, picha ikabadilika: kadiri jumla ya dawa ilivyopanda kutoka miligramu 400 hadi 550 na hadi 700 kwa kila mita mraba ya mwili, ndivyo hatari ilivyopanda kutoka asilimia 3 hadi 7 na hadi 18. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hata hesabu hiyo ilikuwa ya upole, na kwamba katika miligramu 550 hatari ilikaribia mtu mmoja kwa kila wanne. Ndiyo maana siku hizi kiasi kinachotolewa kwa saratani ya titi huwa chini sana ya hapo. Hata hivyo kupunguza hatari si kuimaliza, hasa kwa mtu ambaye tayari ana presha, kisukari au umri mkubwa.

Kwa nini moyo? Mwanafunzi makini atauliza swali hili, na ni swali zuri, maana dawa hizi zinasifika kwa kuwinda seli zinazogawanyika upesi, ilhali seli za misuli ya moyo hazigawanyiki karibu kabisa. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku, nao umejaa vinu vidogo vya nishati tunavyoviita mitokondria. Doksorubisini hushirikiana na chuma kilichomo ndani ya seli na kuzua chembechembe kali za oksijeni zinazoviunguza vinu hivyo. Pili, dawa hii huiua saratani kwa kukikamata kimeng'enya kinachofungua na kufunga nyuzi za urithi. Kimeng'enya hicho kina ndugu pacha anayeishi katika seli za moyo, na dawa haiwezi kuwatofautisha. Seli ya ngozi ikifa, nyingine huzaliwa. Seli ya moyo ikifa, pengo lake hubaki. Chumba cha kushoto hutanuka, kuta zake hulegea, na damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni na miguuni. Mtu huhema kwenye mwinuko, hulala na mito mitatu, viatu humkaza jioni.

Dawa ya pili aliyopewa mwenzangu, ile iliyomeza ng'ombe, ni trastuzumabu, ijulikanayo zaidi kama Herceptin. Hii ilianza kutumika Marekani mwaka 1998. Yapata uvimbe mmoja katika kila tano au sita za saratani ya titi hubeba kwa wingi kipokezi kiitwacho HER2, ambacho huuchochea kukua, trastuzumabu hukiziba. Bahati mbaya ni kwamba seli za moyo nazo hukitegemea kipokezi hicho ili kujitengeneza zinapopata dhoruba. Katika majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2001, wanawake waliopewa trastuzumabu pamoja na dawa za jamii ya doksorubisini walipata matatizo ya moyo kwa kiwango cha asilimia 27, ilhali waliopewa dawa hizo bila trastuzumabu walikuwa asilimia 8. Tangu hapo madaktari huzitoa moja baada ya nyingine, na hatari imeshuka mno. Tena madhara ya trastuzumabu, tofauti na yale ya dawa nyekundu, mara nyingi huondoka dawa ikisimamishwa kwa muda. Lakini utaisimamishaje usipojua kwamba moyo unadhoofika? Ndiyo sababu kanuni ya kawaida ni kuupima moyo kabla ya kuanza, na kuurudia kila miezi mitatu.

Mionzi nayo ina hadithi yake. Titi la kushoto limekaa juu ya moyo, na miale inayolichoma hupita karibu na mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mwaka 2013 Sarah Darby na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake zaidi ya elfu mbili wa Sweden na Denmark, wakaonyesha kwamba kila kipimo kimoja cha mionzi kiitwacho grei kilichoufikia moyo kiliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na maradhi ya mishipa yake kwa asilimia 7.4, na kwamba hatari hiyo ilianza ndani ya miaka mitano ikaendelea hadi ishirini. Mashine za kisasa huelekezwa kwa ustadi zaidi, na kuna mbinu nyepesi ya kumwambia mgonjwa avute pumzi ndefu na kuizuia ili moyo usogee mbali na miale. Wengi waliochomwa kwa mashine za zamani, hata hivyo, wangali wanaishi kati yetu.

Zipo dawa nyingine nyingi, nami sitazimaliza. Fluorourasili na vidonge vya kapesitabini, vinavyotumika kwa saratani za tumbo na utumbo, vinaweza kuibana ghafla mishipa ya moyo hata mtu asiye na ugonjwa wowote akashikwa na maumivu ya kifua. Sisplatini huchubua ngozi ya ndani ya mishipa na kuifanya damu igande upesi. Mabaki yake yamepatikana katika damu ya watu miaka ishirini baada ya matibabu. Bevasizumabu hupandisha presha. Tamoksifeni huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na wazee wanaozimiwa homoni kwa ajili ya saratani ya tezi dume huongezeka mafuta na sukari mwilini. Saratani yenyewe pia, kabla hata ya tiba, huifanya damu kuwa nzito.

Wazee wetu wa Ukambani wangelielewa jambo hili haraka kuliko sisi tuliosoma. Sumu ya mishale iliyowapatia wawindaji wao sifa ilichemshwa kutoka mti wa kivai, nayo huua kwa kuusimamisha moyo wa mnyama. Jamaa wa sumu hiyo hiyo, digoksini, itokanayo na mmea wa Ulaya, imetumika kuwatibu watu wenye moyo dhaifu. Mchemshaji wa kivai alijua kwamba mambo yote yamo katika kipimo, na hakuishika sufuria yake bila tahadhari. Sisi tunatundika chupa ya dripu yenye nguvu kama ile, kisha hatumpimi anayeipokea.

Sasa nije kwenye hoja iliyonisukuma kuandika. Mwezi Julai mwaka 2019 taifa letu liliwapoteza kwa saratani, ndani ya wiki chache, mkurugenzi wa Safaricom Bob Collymore, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso. Kilio kilichofuata kilikuwa kikubwa. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa Kenya kuwa 42,116 na vifo 27,092. Tangu hapo, tuseme ukweli, hatua zimepigwa. Zamani mgonjwa wa Machakos aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma hakuwa na pa kwenda ila Hospitali Kuu ya Kenyatta, akangoje foleni ya miezi; sasa ipo hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na vituo vya Mombasa, Nakuru na Garissa vimeipunguza foleni hiyo. Hospitali yetu ya Level 5 ni miongoni mwa zile za kaunti ambako dawa za dripu hutolewa bila mgonjwa kulazimika kupanda matatu hadi Nairobi. Mwezi Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba serikali imekubaliana na kampuni ya Roche kushusha gharama ya Herceptin kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa dozi, na kwamba fedha hizo zitalipwa na SHA. Niliposoma habari hiyo niliwakumbuka ng'ombe wale wawili, na nikafurahi kwa niaba ya wanawake ambao hawatalazimika kuwauza wao.

Furaha hiyo ndiyo iliyonipa wasiwasi. Dawa iliyokuwa ikiwafikia wachache wenye uwezo sasa itawafikia wengi, wakiwemo mama wa Masinga, Yatta na Mwala ambao hawajawahi kupimwa hata presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne nchini ana presha ya juu, na kwamba asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa maishani mwao. Mwili wa namna hiyo ndio unaopelekewa doksorubisini, kisha trastuzumabu. Serikali ikilipa dawa bila kulipa na kudai kipimo cha moyo, itakuwa kama mzazi aliyemnunulia mwanawe pikipiki akasahau breki.

Walimu tuna sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Tangu Desemba 2025 bima ya matibabu ya walimu walioajiriwa na TSC imehamishiwa SHA. Viongozi wa vyama vyetu wamepigania, kwa haki, orodha ya hospitali na kima cha fedha. Sijasikia bado mmoja wao akiuliza kama kipimo cha eko kabla ya matibabu na kila miezi mitatu wakati wa trastuzumabu kimo ndani ya malipo ya saratani, ama kitahesabiwa kuwa ugonjwa mwingine wa kiungo kingine, mgonjwa aanze upya kutafuta shilingi elfu kadhaa mfukoni. Hilo ni swali la kuulizwa kwa barua, na kujibiwa kwa barua.

Daktari mmoja kijana, mwanafunzi wangu wa zamani, nilipomweleza haya alinijibu kwa adabu lakini kwa mkazo. "Mwalimu," alisema, "wagonjwa wangu wengi huja wakati saratani imekwisha kusambaa. Nikimwambia mama asubiri dawa mpaka apate tarehe ya eko, uvimbe hausubiri. Na ukiandika gazetini kwamba dawa zetu zinaua moyo, nusu yao watakimbilia kwa waganga wa mitishamba." Nimeyatafakari maneno yake kwa siku nyingi, na sehemu yake ya pili inanitia hofu kweli. Kwa hiyo naomba nieleweke: mtu mwenye saratani anayeiacha dawa kwa kuuogopa moyo hubadilisha hatari ndogo kwa kifo kilicho karibu. Mwenzangu yu hai leo kwa sababu ya dawa zile zile zilizoudhoofisha moyo wake, naye husema hivyo mwenyewe kila anapoulizwa.

Ama kuhusu kusubiri, hapo sikubaliani na mwanafunzi wangu. Kipimo cha eko huchukua kama nusu saa, hakichomi wala hakiumi. Kati ya siku ambapo kipande cha uvimbe hupelekwa maabara na siku ambapo dripu ya kwanza hutundikwa, kwa kawaida hupita wiki kadhaa. Wiki hizo zinatosha. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya uliotolewa mwaka 2022, wa kwanza wao kuhusu suala hili, unataka kila mgonjwa anayeanza dawa za jamii hizi mbili apimwe moyo kabla. Kwetu tunaweza kuanza na kilicho chini kabisa: presha, sukari, historia ya ukoo, kipimo cha umeme wa moyo, na eko kwa kila anayeelekea kwenye dawa nyekundu au trastuzumabu. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuyafanya karibu yote hayo isipokuwa la mwisho.

Na tunapimwa ili iweje? Kuna jambo hapa ambalo laiti lingejulikana na kila mwuguzi wa kata. Mwaka 2010 Daniela Cardinale na wenzake wa Milan walichapisha habari za wagonjwa 201 ambao moyo wao ulikuwa umedhoofishwa na dawa za jamii ya doksorubisini. Waliwapa enalaprili, na ilipowezekana, karvedilolo. Hizi ni dawa za kale na rahisi. Enalaprili ni ile ile ambayo wagonjwa wengi wa presha huimeza kila asubuhi. Walioanzishiwa matibabu ndani ya miezi miwili tangu kumaliza dripu, asilimia 64 mioyo yao ilirudi katika hali ya kawaida. Walioanza baada ya miezi sita, hakuna hata mmoja aliyerudi kikamilifu. Msomaji, mwenzangu alihangaika miezi minane baina ya dawa ya pumu na ushauri wa kupunguza mawazo.

Liko pia jambo la watoto, na hili linawahusu walimu wa michezo. Mwaka 1991 madaktari wa Boston waliwachunguza watoto 115 waliopona saratani ya damu baada ya kupewa doksorubisini, na katika asilimia 57 walikuta kasoro katika moyo, baadhi yao miaka mingi baada ya matibabu kwisha. Watoto hao hawakuwa wagonjwa wa kuonekana. Katika shule zetu wamo wanafunzi kama hao, kwani kansa za utotoni zinatibika na wengi hupona. Mwanafunzi aliyepona saratani akiwa na miaka sita anaweza kuwa kijana wa kidato cha nne ambaye mwalimu humwita mvivu kwa kuwa amesimama kando ya uwanja. Msichana wa namna hiyo anaweza kumaliza shule salama, kisha moyo wake ukalemewa siku za uja uzito, wakati damu inayosukumwa huongezeka sana. Haina maana wazuiwe kucheza au kuzaa. Mazoezi ya kiasi huusaidia moyo. Ina maana kwamba fomu ya afya anayojaza mzazi siku ya kuandikisha mtoto shuleni iwe na mstari mmoja zaidi, na mkunga aulize swali moja zaidi.

Kuna nyakati ninapofikiri juu ya mji wetu. Waingereza waliweka makao yao hapa Machakos mwaka 1889, miaka kumi kabla reli haijatupita kando na kuufanya mchanga wa Nairobi kuwa mji. Tangu hapo tumekuwa watu wa kupanda gari kwenda kutafuta kila kilicho muhimu kilomita sitini na kitu kutoka nyumbani. Dripu sasa inapatikana hapa hapa. Mtaalamu wa kuutazama moyo mara kwa mara, na utaratibu wa kumfanya daktari wa saratani na daktari wa moyo wasome faili moja, ndivyo vinavyotakiwa kuifuata. Mashine peke yake haitoshi. Tumeona katika nchi hii mashine zilizozinduliwa kwa hotuba na kisha zikafunikwa kwa shuka.

Mwenzangu ameanzishiwa enalaprili na karvedilolo. Kipimo cha mwisho kilisoma asilimia 44, na mwinuko wa Iveti huupanda akisimama mara moja tu, tena hudai kwamba husimama kwa ajili ya kutazama mji. Alipoulizwa Nairobi jumla ya miligramu za dawa nyekundu alizopewa, hakuna aliyeweza kumjibu, mpaka alipokwenda mwenyewe kukaa siku mbili mlangoni mwa chumba cha kumbukumbu. Tangu hapo ana daftari la mazoezi la kurasa 96, la aina tunayowagawia wanafunzi, ambamo ameandika kila dozi, tarehe yake, presha ya siku ile na matokeo ya kila eko.

Mwezi uliopita binti wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, aligunduliwa kuwa na uvimbe kama wake. Ataanza dripu baada ya wiki tatu. Mwalimu alishuka mjini akanunua daftari jingine, akalichora mistari kwa rula kama achoravyo rejista ya darasa, na katika ukurasa wa kwanza, juu kabisa, akaandika kwa kalamu nyekundu: "Kipimo cha moyo kabla ya dawa." Mbele yake aliacha nafasi ya tarehe na ya tarakimu mbili. Tulipompelekea daftari hilo jioni ile, binti alilisoma, akaliweka kando ya barua ya rufaa, na asubuhi yake akaenda kuuliza eko inafanywa siku gani.